Supu ya Jogoo Katika Chumba cha Gundi

Alhamisi, 8 Novemba

Siamini nilichokiona leo. Sufuria! Ndani ya chumba cha gundi!

Shangazi Iride anastaafu mwisho wa mwezi, na ameamua kesho tuile karamu ya sikukuu ya San Martino hapa hapa kiwandani. Supu ya jogoo inataka saa nyingi. Jiko la kantini limekufa. Basi kaibandika juu ya sahani ya umeme tunayopashia gundi! Nilisimama mdomo wazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, siku yangu ya kwanza baada ya shule: humu hata mwavuli uliolowa hauingii. Gundi ikivuta unyevu inafanya vipovu. Na gundi ndiyo inayoshikilia nyuzi za chujio ndani ya ganda la plastiki. Hospitali wanafunga machujio yetu kwenye mabomba, wanayarudisha kwenye tanuri la mvuke kila mara kuua vijidudu. Gundi ikiachia, maji machafu yanapita pembeni, na hakuna atakayejua.

Kipima unyevu kikaanza kulia.

"Kina kelele kama mama mkwe wangu, Mungu amrehemu," akasema shangazi. Akakichomoa kwenye umeme.

Nilitaka kusema kitu. Nilisema, "Shangazi, lakini..."

"Lakini nini? Engua povu, mwanangu, supu isije ikawa chungu."

Nikaengua povu.

Ijumaa, 9 Novemba

Supu imechemka tena tangu asubuhi. Saa ya chakula tumekula tortellini, vile vifuko vya unga vyenye nyama ya nguruwe, ndani ya supu ile mpaka tukashindwa kuinama! Abdelhak, anayechanganya gundi, hali nguruwe. Shangazi alimtengenezea zake peke yake, za boga, sufuria mbali, mwiko mbali. "Hizi zako, mwanangu. Nguruwe hata hajazipitia karibu." Abdelhak akambusu mkono. Nusura nilie — huyo ndiye shangazi yangu.

Jioni lori limeondoka na maboksi ya jana. Yanakwenda wodi ya watoto wenye saratani ya damu. Ukungu mzito, taa zake zilipotea kabla halijafika barabarani.

Jumatatu, 12 Novemba



Leo tulifungua tanuri la mvuke. Machujio sita ya majaribio, yote ya Ijumaa. Inginia Bellodi, bosi wetu, akachukua la kwanza, akalisukuma kidogo tu kwa kidole gumba — fungu zima la nyuzi likatoka, likaangukia kiganjani mwake! Kama yai la kuchemsha linavyotoka kwenye ganda lake. La pili hivyo hivyo. Yote sita!

Akaikata gundi kwa kisu. Badala ya kung'aa kama asali, imejaa vipovu, kama soda.

Mimi niliangalia viatu vyangu. Shangazi aliangalia dirishani.

Jumanne, 13 Novemba

Sijui niandike vipi.

Inginia alituita watatu. Akauliza nani alichanganya Ijumaa.

"Mimi, Inginia," akasema Abdelhak. "Nimepima kama siku zote."

Inginia akamgeukia shangazi, kwa sababu chumba ni chake. Nikangoja. Nilikuwa na hakika atasema. Atafanya mzaha, atapiga paji la uso, atasema ni huyo jogoo wangu mshenzi!

Akafuta miwani. Akasema, "Ijumaa huyu akili yake huwa msikitini. Alikuwa na haraka."

Shangazi yangu!

Abdelhak hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Iride?" Polepole, kama mtu anayepiga hodi bila kujua kama mwenyewe yupo nyumbani. Shangazi akaanza kupanga glavu.

Abdelhak amerudishwa nyumbani mpaka waamue. Na Inginia ameridhika: mabaya ni ya Ijumaa tu, ya Alhamisi yalipita majaribio. Lakini yale ya majaribio ya Alhamisi niliyatoa mimi, asubuhi, kabla sufuria haijaletwa! Yaliyotengenezwa baada ya hapo, mvuke umejaa chumbani, ndiyo yapo kwa wale watoto. Sasa hivi. Kwenye mabomba.

Na mimi sikusema.

Jumatano, 14 Novemba

Nimekwenda kwa shangazi. Alikuwa anasukuma unga. Nimesema maneno mengi kuliko mwaka mzima.

"Miaka yote ile nimewafanyia kazi," akasema, "halafu nitolewe mlango wa nyuma kwa ajili ya jogoo? Nani amekutuma? Baba yako?"

"Hakuna aliyenituma. Shangazi, ya Alhamisi yapo kwa watoto."

"Ya Alhamisi yalipita."

"Niliyatoa asubuhi. Kabla ya sufuria."

Mti wa kusukumia ukasimama. Hakuwa amelifikiria! Niliona usoni. Hakuwa amelifikiria kabisa.

"Nenda nyumbani, Mirta. Ukungu unazidi."

Hakunifungashia chochote. Tangu nizaliwe sijawahi kutoka nyumba ile mikono mitupu.

Alhamisi, 15 Novemba

Nipo kwenye benchi nje ya ofisi ya Inginia. Naandika ili nisikimbie. Yupo kwenye simu, anacheka na mtu, kumbe anaweza kucheka. Nimefanya mazoezi ya sentensi moja tu: Sufuria ilikuwepo tangu Alhamisi. Nikiisema hiyo, nyingine zitafuata. Labda.

Shangazi anakuja! Yupo mwisho wa korido, amevaa koti lake la kanisani. Leo si zamu yake.

Amekaa. Kando yangu kabisa, bega kwa bega. Hanisalimu. Amebana mkoba magotini kwa mikono yote miwili, na kifungo cha mkoba kinagonga, tik tik tik. Sijui amekuja kunizuia au nini. Siwezi kumwangalia.

"Unaandika nini?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Andika kwamba supu ilikuwa tamu."

Nimeandika.

Inginia ameweka simu chini. Nasikia kiti chake. Shangazi amenishika mkono, huu ninaoandikia, ananivuta tuingie wote mlangoni kwake, na