Kadzo, Hukuwa Ajuza

Kadzo mdogo wangu,

Jibu la kipimo cha damu yako limekuja. Tumeshakuzika, udongo umeshashikana, ndipo likaja.

Daktari alituita Kilifi, mimi na Mama, akatueleza polepole. Ndani ya kila chembe ya mwili mna uzi wa nyuzi mbili zilizosokotana, DNA, nao ndio unaouelekeza mwili namna ya kujijenga. Uzi huo hujikunja, hujifunga mafundo. Kuna vimeng'enya viitwavyo helikesi, kazi yake kuyafungua, uzi upate kusomeka na palipokatika paungwe. Kimoja kwako hakikufanya kazi tangu tumboni. Mafundo yakabaki, uzi ukawa unakatika, mwili ukachakaa kabla ya wakati wake.

Kumbe ndiyo maana uliacha kurefuka ungali shuleni. Kumbe ndizo zile mvi, na mtoto wa jicho, na sauti nyembamba, na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, mwisho saratani.

Mama akauliza, "Kwa hivyo si uchawi?"

"Si uchawi, mama."

Nilidhani atapumua. Alijifunika leso usoni, akalia kama siku ile ya maziko.

Unakumbuka Watamu, ulipokuwa ukipika hotelini? Yule dereva wa tuktuk, mtu mwenye wajukuu, alikuamkia, "Shikamoo bibi." Ukamjibu, "Marahaba mwanangu," tukacheka hadi mbavu zikauma. Kisha ukajitanda mtandio, ukazifunika mvi. Hata arobaini ulikuwa hujaikaribia.

Uliporudi nyumbani Adu hapakuwa na kicheko. Kwetu mvi humuua mtu; mwenye nazo huitwa mchawi. Vijana waliingia uani na mapanga, wanamtaka "yule ajuza." Mama akawasimamia mbele. "Huyu nimemzaa mimi! Wewe, kaka yako amesoma naye darasa moja. Kamuulize amekuwa ajuza tangu lini!" Wakaondoka. Lakini wewe hukutoka nje tena, mpaka tulipokutoa kwa jeneza.

Vijana wale nakutana nao sokoni. Wananisalimu vizuri tu. Niwaambie nini, Kadzo? Habari za helikesi?

Baba naye, tangu asikie kwamba yeye na Mama kila mmoja alikurithisha nusu ya kasoro ile, bila kujua, shamba amelisusa. Magugu yamepita mahindi.

Na kuna jingine. Juzi nilikuwa namsuka Dama, kitinda mimba wetu, nikaziona. Mvi. Utosi mzima. Akaniuliza, "Dada, mbona umeacha?" Nikamwambia jasho limeniingia machoni.

Daktari nilimuuliza kama iko dawa ya kuyafungua mafundo hayo. Akatazama chini. "Bado," akasema.

Pumzika, mdogo wangu. Huko hakuna wa kukuhesabia mvi. Dawa sina ya kukuahidi. Nakuahidi hili tu: kesho Dama nitamwambia mimi, kwa kinywa changu, nimemshika mkono, kabla watu hawajamwambia yao.

Dada yako,
Sidi