Gari Huzungushwa Kama Ngamia

Hodan, ni ayeeyo, mama wa babako Ali. Salaam aleikum. Hapa Waberi tu wazima, mbuzi wamezaa. Umeniuliza kuhusu gari lako kuukuu linalogonga likikata kona.

Wakati wa vita vya shifta, waasi waliovizia barabara, babako alikuwa mchanga, homa imempanda, na msafara wa magari yaliyolindwa na askari, wa kwenda hospitali Garissa, haukungoja gari bovu. Lori la babu yako likaanza kugonga hivyohivyo.

"Lizungushe polepole," nikamwambia, "kama ngamia anayechechemea, tujue mguu upi mbovu."

"Mama Ali, hili halili majani!" Akacheka, lakini akalizungusha. Nikatembea kando nikisikiliza.

"Gurudumu la mbele, kushoto!"

Kweli, nati ilikuwa imelegea. Akaikaza, tukawahi msafara.

Basi lizungushe, mwenzako asikilize nje, kisha fundi afungue hapo. Usisafiri kwanza, nitakosa usingizi. Na fundi akicheka, mwambie ndiyo maana babako yuko hai.