Simu Iliyolia Nyamuswa

Shikamoo Mama, na pole na palizi.

Picha ya kadi hii ni ya ziwa kule Musoma, ila mimi niko Nyamuswa, Bunda, na Wajerumani wawili na profesa kutoka Afrika Kusini. Tunatafuta mahali pa kusimika antena ya kusikiliza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota. Lazima pawe kimya, maana simu moja tu ikiwa karibu inazimeza nyota zote.

Leo kijiji kizima kimetusaidia. Watu wamezima simu, bodaboda wameegesha pikipiki, na Mama Nyangeta, mwenyeji wetu, kazima hata redio yake. Tukawasha mitambo. Mstari kwenye kioo ukaruka juu kama umechomwa sindano! Profesa akashika kiuno: "Hapa hapafai, tufungashe."

Hapo hapo begi langu likalia. Kile kitochi changu, kisimu cha akiba, nilishakisahau kabisa. Ulikuwa wewe, Mama.

Mama Nyangeta alicheka mpaka akakaa chini. "Sisi huku tunanyamazaga! Kelele mmekuja nazo wenyewe!"

Nikazima. Mstari ukalala, na kwenye spika tukasikia mchakacho mwembamba, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Ndizo nyota, Mama. Mjerumani mmoja alimkumbatia mwenyekiti wa kijiji. Antena itakaa hapa.

Simu hairuhusiwi mpaka Jumamosi, ndiyo maana unapata kadi. Na najua ulipigia nini: nimekula, Mama. Sato mzima, na kichwa chake.

Mwanao,
Neema