Herufi Moja Kwenye Skrini Ndogo

Mjukuu wangu Nekesa,

Usicheke. Nakuzidi miaka mitano tu, lakini mama yako huniita baba mdogo, kwa hivyo mimi ni babu. Huku Kitale tu wazima na mahindi yameanikwa. Bungoma hamjambo?

Umeuliza nilivyofanya maandishi yaenee kwenye skrini ndogo ya kilabu chetu cha kompyuta shuleni. Yalikuwa yanakatika pembeni, na wageni walikuwa wanakuja Ijumaa. Mwalimu alinisomea mstari wa kuandika kwenye faili la mipangilio, wa kuiambia kompyuta upana wa skrini. Nikaandika nilivyosikia: flamebuffer_width=800. Hakuna kilichobadilika. Siku mbili nilibadilisha namba tu, kwa sababu niliona aibu kuuliza kama ni l ama r. Wenzangu hunitania kila siku ninavyotamka lori, "Ati loli, bana."

Alhamisi nikasimama. "Mwalimu, ni flame ama frame?"

Darasa likacheka. Mwalimu, mtu wa Kamukuywa mwenye lafudhi kama yangu, akajibu, "Si nimesema flame?" Kisha akajisikia mwenyewe. Akacheka kutushinda, akachukua chaki, akaandika r kubwa ubaoni.

Nilibadilisha herufi hiyo, nikawasha upya, na maneno yote yakaingia. Skrini yako ikikataa, uliza, hata wakicheka. Mimi sitanyamaza tena.

Babu yako wa Kidato cha Tatu,
Wafula