Swala Aliyechinjwa Akiwa Amekufa

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu kama jiko lililomwagiwa maji.

Shajara, leo usinicheke. Nimekutambia sana hapa kwamba mimi ndiye bingwa wa mitego Ulaya nzima (Ulaya kijiji chetu, huku Kilosa, nyie wa mjini msianze kunitafutia pasipoti). Shule niliikimbia kidato cha pili, lakini nipe tairi bovu uone. Nalichoma, nachomoa waya, nafunga kitanzi ambacho swala anakivaa mwenyewe kama bwana harusi anavyovaa tai.

Leo nimeona sifa zangu zinavyoishia.

Mtego unakaguliwa kila asubuhi, ndiyo sheria ya kazi yetu. Mnyama akutwe hai, achinjwe. Lakini askari wa hifadhi walikuwa wanazunguka upande wetu, basi mimi na Mjomba tukajichimbia nyumbani siku kadhaa, tukajifanya wapalizi hodari wa mahindi. Leo wameondoka, tukaenda.

Swala tulimkuta amelala. Alikuwa amezunguka, akazunguka, mpaka pale waya ulipomruhusu. Hakuna jani lililobaki. Ardhi imekwanguliwa ikawa kama ua uliofagiliwa. Waya umekula mguu mpaka mfupani. Hajaanza kunuka, ila siafu wameshafika machoni.

Mjomba akamgeuza kibla, akasema bismillahi, akapitisha kisu shingoni.

Damu haikutoka.

"Mjomba, huyu si kashakufa?"

"Umekuwa daktari lini wewe? Shika miguu."

Nikashika.

Kula swala mimi sioni kosa, hata kama askari wanaliona. Simba naye anamla, na kibali hana. Ila simba akimkamata anakaa naye mpaka roho itoke. Hatundiki meno yake kichakani halafu akaenda kulala.

Sisi tulikwenda kulala.

Mchana nikaisambaza nyama kwa majirani, kimyakimya, ndani ya ndoo ya mboga. Wengi ni Waislamu kama sisi, na mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kwetu ni kibudu, haliwi. Wananunua kwa Mjomba kwa sababu wanajua anachinja. Nilipita mlango hadi mlango nikitania na kucheka. Mdomo huu, shajara, ungekuwa wa mtu mwingine ningeupiga kofi.

Kisha nikamwandalia Bibi, mama yake Mjomba. Tangu Idi hajaonja nyama. Akanawa, akamega ugali, mkono ukasimama hewani.

"Kachinjwa?"

"Mjomba kachinja, Bibi."

"Mwanangu namjua. Nakuuliza wewe, mjukuu wangu. Damu ilitoka?"



"Haikutoka, Bibi."

Akaisogeza sahani taratibu, kama vile ndani kuna mtu amelala.

"Na kwa Mama Zuhura mmepeleka?"

"Nimepeleka mimi mwenyewe."

"Umemwambia?"

Nikafunika sufuria. Akavuta kopo la chumvi, akala ugali mkavu, hakuniangalia tena.

Mjomba yuko kilabuni, hajui kitu. Nikisema, hakuna atakayenunua kwetu tena, na kwa hasira mmoja anaweza kwenda kutuchongea kwa askari. Hilo ni jela. Mjomba kabla ya jela atakuwa ameshaning'oa meno.

Nimekaa barazani naandika haya. Kwa Mama Zuhura, nyumba ya tatu, vitunguu vimeanza kukaangwa, harufu inanifikia mpaka hapa. Wanawe wanapiga sahani kwa vijiko, wanamharakisha mama yao.

Nikikaa kimya watashiba, na hawatajua kamwe.

Mimi nitajua.

Hodi haipigwi kwa simu. Nanyanyuka, naenda nyumba ya tatu.