Mtu Mtulivu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na dawa unazimeza, huzifichi kwenye droo ya misumari. Sisi wazima. Chiriku ameota meno mapya ya mbele na sasa anaongea maradufu.

Jana ofisa wa ustawi wa jamii alinifuata kazini, maabara. Nikadhani kaja kupima damu. Akaniambia shemeji yuko mbele ya kamati inayoamua nani atoke gerezani kabla ya muda wake, na kwamba amepata mdhamini: fundi seremala atakayempa kazi, na chumba nyuma ya karakana. "Mzee mwenye roho ya pekee," akasema. Kisha akataja jina lako.

Baba, huyo ndiye aliyemuua dada. Alimuua mwanao. Na chumba cha nyuma ndicho anacholala Chiriku kila likizo. Ofisa alishafika hata nyumbani kumwuliza mtoto kama angependa kumwona baba yake. Chiriku akamjibu, "Baba gani? Mimi nina babu tu." Ofisa alicheka. Mimi sikucheka.

Niambie amekosea. Niambie ni mzee mwingine.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalia kama bawaba kavu lakini linanifikisha ninakokwenda. Nibusie Chiriku na meno yake.

Ofisa hajakosea. Ni mimi.

Sikwenda gerezani kumtafuta. Waliniomba nikafundishe useremala, nikakubali, maana kukaa peke yangu kulikuwa kunanimaliza. Siku moja nikainua macho, nikamwona kwenye benchi la nyuma. Nilikuwa na nyundo mkononi, na nakuapia ilikuwa nyepesi. Mkuu wa gereza alitaka kumhamisha. Nikasema mwacheni. Nilitaka nimwone akiteseka.

Badala yake nimemwona akifanya kazi. Nimefundisha mafundi wengi, mwanangu, na kipimo changu ni kimoja: mpe mtu ubao wenye fundo. Mwenye hasira hulipiga fundo mpaka ubao upasuke. Huyu huugeuza ubao, akafuata nyuzi zake, akalizunguka taratibu. Miaka mitatu sijamsikia akipaza sauti. Mwenzake alimwagia gundi kazi yake yote, akapangusa tu.

Watu kama hawa tuwafanye nini? Tuwarundike mpaka waoze? Mimi nimechoka kuchukia, mama.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako niliichana, kisha nikaiunga kwa plasta ya maabara ili niisome tena.

Hasira? Nani alikwambia alikuwa na hasira? Alipokuja kuposa aliongea kwa sauti ya chini, na sote tukamsifu: mtulivu, ana subira. Dada alipotuambia anamwogopa tukasema anadeka. Siku ile majirani hawakusikia sauti yake hata mara moja. Walimsikia dada tu. Utulivu unaoniletea leo kama habari njema ndio uliomuua.

Usinifanye mimi mwenye kiu ya damu. Umesahau? Watu walipomburuta barabarani, mawe mikononi, mimi ndiye niliyejilaza juu yake. Juu yake, Baba, damu ya dada ikiwa bado mbichi kwenye shati lake! Nilipiga kelele apelekwe polisi, kwa sababu niliamini sheria inaweza kumzuia mtu bila kumtafuna. Jiwe moja lilinipata begani. Mpaka leo siinui ndoo kwa mkono huo. Sikulipokea jiwe lile ili yeye apewe chumba cha Chiriku.

Unauliza tuwafanye nini. Wapewe chakula, godoro, daktari, kazi ya mikono. Asiwepo askari wa kuwapiga. Lakini kuchoka kwako si ushahidi kwamba yeye amebadilika. Uchovu ni wako, hatari ni ya mtoto.

Nakuomba jambo moja tu. Mlango wa chumba cha kulala cha dada na mumewe uliutengeneza wewe, na komeo ukaliweka ndani. Polisi walilikuta nje. Muulize alilihamisha kwa nini. Kisha amua utakavyo, nami sitakuandikia tena habari hii.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi mwili mzima. Nimekawia kwa sababu mkono haukutaka kuandika.

Nilingoja wenzake waende kula. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Nikamwuliza, "Lile komeo la chumbani, ulilihamishia nje kwa nini?"

Nilitegemea alie. Mungu anisamehe, nilitamani hata akasirike. Hakuinua kichwa, na msasa haukusita.

"Alikuwa anataka kuondoka, Baba."

"Ehe. Kisha?"

Akanitazama kama mwanafunzi anayemwonea huruma mwalimu mgumu wa kuelewa. "Si angeondoka?" Akapuliza vumbi, akanipa ule mguu wa kiti niukague. Ulikuwa laini kabisa.

Nimepima mbao maisha yangu yote, nikadhani nimempima mtu. Dada yako hakuwa anadeka.

Leo nimekwenda kwenye kamati nikauondoa udhamini. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, si kinyongo hiki?" Nikamwambia, "Kinyongo nilikuja nacho siku ya kwanza, na nilipokitua mkanisifu. Haya ninayowaambia nimeyasikia kwa masikio yangu." Watatoa jibu.

Darasa naliacha.

Baba yako


19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Unalala? Unakula? Huku tuko salama, na leo naweza kuliandika neno hilo bila kusita: hatoki.

Ofisa ndiye aliyeniletea habari. "Pole, dada," akasema, "labda safari ijayo mioyo itakuwa imelainika." Nikamwuliza, mioyo ya nani? Akafunga faili lake, akaaga.

Sijatulia, Baba. Walikuwa na maelezo ya polisi, ya daktari, na picha ya mlango. Hakuna hata mmoja wao aliyemwuliza lile swali moja. Walipima tabia yake gerezani, mahali pasipo na mwanamke wa kufungia ndani, wakaandika: njema! Ilibidi mzee aliyefiwa ndiye awafanyie kazi yao. Watakapomjadili tena nitakuwa nimekaa kiti cha mbele.

Lakini darasa usiliache. Mle benchini wamo watakaotoka kweli, na afadhali watoke na ufundi. Naye mfundishe. Nasema hivi meno yakiwa yameumana, lakini nasema. Mtu kuzuiwa ni haki yetu. Kuozeshwa akiwa hai, hapana.

Chiriku anauliza likizo inaanza lini.

Mwanao


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nalala kidogo, nakula. Mlete Chiriku siku wanayofunga shule.

Leo nimerudi darasani. Alikuwa wa kwanza kuingia, ameshaambiwa kila kitu, na uso wake ni ule ule. Alikuwa amenipangia vifaa vyangu mezani, kila patasi mahali pake.

"Shikamoo, Baba," akasema, na karakana nzima ikanitazama.

Nilimwitikia, maana salamu ni deni la mdomo. Nikampa ubao wake na kazi ya siku. Kisha nikamwambia, mbele ya wenzake, kwamba humu ndani nitamfundisha mpaka mmoja wetu azikwe, lakini kuanzia leo aniite fundi.

Baba yako