Kanda ya Watatu wa Menengai

Najma, Doha
Jumamosi, 14 Februari 2026

Mpendwa ndugu yangu Japheth,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote. Goti lako linaionaje ile dawa mpya? Na mvua je, imeshuka huko Njoro au bado mnatazama mawingu? Mimi moyo umechoka. Daktari hakuzunguka, nami nilimshukuru, kwa sababu nimefundisha miaka thelathini na minane na namjua mtu anayetafuta maneno laini. Maumivu si mengi. Nikizungumza kidogo inanibidi nipumzike, basi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo hili nikilisema kwenye simu nitalipunguza. Nimekuficha hili kwa miaka hamsini, Japheth. Kanda yenu ya muziki haikupotea njiani. Mwaura aliituma kama alivyoapa. Ilifika shuleni, nikaipokea mimi, na nikarekodi kwaya yangu juu yake. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiishia hapa uwe umepata lililo lako. Yanayobaki ni yangu, lakini naomba uyasome.

Mwezi uliopita ulinisimulia jinsi Mwaura alivyofika langoni kwako na mkate, sukari na mkongojo. "Nilimwambia, mzee, ukitaka chai yangu njoo na kanda," ulisema, ukacheka, nami nikacheka nawe. Charity alikuwa amekaa karibu nami akaniuliza mbona nimejifunika mpaka kidevuni. Nikasingizia kiyoyozi. Umesema atajaribu tena Pasaka. Yule bwana ana miaka sabini na mitatu, na amebeba jina la mwongo tangu ujana wake. Charity anakuja likizo wiki ijayo na ndiye atakayekupa barua hii. Nimeibandika gundi. Sitaki binti yangu ajue kabla yako.

Sasa nikueleze kilichonifikisha hapa, maana si maradhi peke yake.

Charity akienda zamu hospitalini hunikabidhi kwa Proscovia, mama mmoja Mganda wa kutoka Mbale. Ananiogesha, ananipikia uji, na kwa mabishano hana mpinzani. Mwezi wa Novemba nilimwomba anitafutie kwenye simu yake muziki mliokuwa mkiupiga ninyi. Nikataja Deep Purple. Akaweka, akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Mzee, huyu anaimba ama ng'ombe wake wamepotea?" Nikamwambia asubiri. Kinanda na gitaa vilipoanza kujibizana, kila kimoja kikimtania mwenzake na kumzidi mbio, Proscovia aliacha kukunja nguo. Wimbo ulipokwisha akasema, "Haya. Amewapata."

Tangu hapo tunasikiliza kila asubuhi. Mimi niliyekuwa nikiita muziki ule kelele za mabati sasa nauomba kama mgonjwa anavyoomba maji. Nilipowasikia Led Zeppelin nilielewa kwa nini Levis wetu alikuwa akipiga ngoma zake kwa kuchelewa kidogo, akiliacha gitaa litangulie kisha analikamata shingoni. Nilikuwa nikimwambia hajui kuhesabu. Alijua kuliko mimi.

Na Black Sabbath! Ule uzito, Japheth, kama jiwe la kusagia linaloviringishwa taratibu mlangoni. Nimesoma kwamba mpiga gitaa wao alikatika ncha za vidole kiwandani, akajitengenezea vifuniko na kuzilegeza nyuzi ili aweze kuendelea. Nilimwonyesha Proscovia, akasema huyo si mwanamuziki, huyo ni fundi. Nadhani ni sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Pink Floyd walinifundisha subira. Wimbo wao unaweza kuchukua upande mzima wa santuri bila kuharakisha kufika popote, na ukifika hutaki kurudi. Queen nao waliniaibisha katika kazi yangu mwenyewe. Nimeongoza kwaya za watu sitini, nikachapa meza kwa rula, na sikuwahi kupata mpangilio wa sauti kama ule ambao watu watatu waliutengeneza kwa kujirekodi tena na tena mpaka wakawa umati. Kuna asubuhi niliusikiliza wimbo wao mmoja mara sita nikiandika sol-fa yake kwenye karatasi. Sikuimaliza.

Zaidi ya hao, kuna wale waliochukua rock wakaitia damu yao. Santana na ngoma zake za Kilatini. Osibisa, vijana wa Ghana na visiwa vya Karibi waliokutana London. Na Wazambia! WITCH na wenzao, gitaa zikikwaruza kama koo la mtu aliyelia usiku kucha, lakini mwendo wa miguu ni wa kwetu kabisa. Nilipowasikia hao ndipo nilipozima simu. Proscovia akadhani nimezidiwa. Nilikuwa nimewasikia ninyi.

Unakumbuka mlivyojifunza? Wewe na sindano ya gramafoni, ukiirudisha mahali pale pale mpaka santuri ikaota mvi. Mwaura na gitaa lake la besi lililokuwa zito kuliko yeye. Levis, mtoto wa shangazi, aliyewamba ngoma moja kwa ngozi ya mbuzi kwa sababu ile ya plastiki ilipasuka. Mlijiita Watatu wa Menengai, na mama akasema mlima ule utawashtaki. Nilikuwa nikipita nje ya banda na vitabu vyangu kwapani, natembea haraka ili nisionekane nikisikiliza.

Mkaenda Nairobi mkarekodi. Ninyi wawili mkarudi, Mwaura akabaki kungoja nakala, kwa sababu mtayarishaji wa santuri wa Nakuru alikuwa ametaka kuisikia kabla ya Krismasi. Mwaura akaituma kwa njia ambayo sote tulitumia. Sanduku la posta lilikuwa moja tu, la shule, kwa nyumba zaidi ya arobaini, na ufunguo wake ulikuwa kwangu. Barua za wote zilipitia mikononi mwangu. Wasiojua kusoma niliwasomea. Waliofiwa nilijua kabla yao. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kuna barua nimeiacha mezani, kwa sababu mwalimu hafanyi hivyo.

Ulikuja kila Ijumaa kuulizia, na kila Ijumaa nilikuambia bado. Krismasi ikapita. Januari Levis akafa katika ajali ile ya Gilgil, na uliporudi kutoka mazikoni ulimvaa Mwaura mbele ya watu. Alikuwa akisema jambo moja tu, "Niliituma, Japheth. Niliituma." Mimi ndiye niliyewatenganisha. Nilimshika yeye mikono, sikukushika wewe. Hilo nalo Mwaura alikumbuke, akitaka.

Kwa hiyo nakuomba. Akija Pasaka, mfungulie. Mpe chai na umpe barua hii aisome, au umsomee kama macho yake yamechoka kama yangu. Kisha lifanyieni jina langu mtakavyo. Nimeishi na heshima ambayo nusu yake ilikuwa ya Mwaura.

Nakuwekea salamu hapa katikati, kinyume na nilivyowafundisha watoto wa watu, kwa sababu ukimaliza maneno yanayofuata huenda usitake salamu zangu. Msalimie shemeji yangu Miriam, umwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika, kiyoyozi cha huku hakina adabu. Msalimie Fiona na wanawe. Pita kwa Phoebe, dada yake Levis, lakini usimwambie mpaka uwe na nguvu ya kukaa naye siku nzima, maana kanda ile ndiyo pekee iliyokuwa imehifadhi mikono ya kaka yake. Mungu aliyetulea chini ya baba mmoja akulinde, akupe uzee mtulivu kuliko wangu, na wajukuu wanaopiga gitaa ovyo mpaka majirani walalamike.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Katika zile mbili za kwanza nilisema ilikuwa bahati mbaya. Nilisema kwaya ilikuwa na mashindano ya mkoa Jumamosi ile, kwamba kanda zilikuwa haba, kwamba niliona kanda isiyo na maandishi nikaipachika kwenye mashine ya shule bila kujua kilichomo. Hata Proscovia, nilipomsomea bila kutaja majina, alisema, "Eh, basi si makosa yako, mzee." Nilizichana zote mbili siku hiyo hiyo.

Kanda ilikuwa na maandishi. Mwaura aliandika majina yenu matatu kwa kalamu nyekundu, lako la kwanza.

Niliisikiliza nikiwa peke yangu darasani, mlango nimeufunga. Nyimbo nne. Wa tatu ndio ule ambao gitaa lako linabaki peke yake, kisha Levis anaingia kwa kuchelewa, na Mwaura anawabeba ninyi wawili kama mtu anayevusha watoto mtoni. Ulipokwisha niliurudisha nikausikiliza tena. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina cheti cha muziki cha chuo cha ualimu, na nilijua kwa hakika kamili kwamba mdogo wangu aliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne alikuwa amefanya jambo ambalo mimi sitalifanya maisha yangu yote. Nikaita kwaya.

Haikuwa uhaba wa kanda, Japheth. Kabatini nyuma yangu zilikuwapo mbili mpya, hazijafunguliwa.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda na kukuonea wivu,
Philipo